Taa za dagaa saa tisa usiku: kisa cha mama aliyeona akili yake inalala

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea Mwanza, kati ya Agosti 2023 na Desemba 2024. Mhusika nitamwita Mama Wawili, kwa sababu ana watoto wawili na kwa sababu kila jina jingine nililofikiria lilikuwa la jirani yake fulani. Mtaa, mwalo (ufuko wanakoshushia samaki) na mahali alipokuwa akifanya kazi sivitaji, na mambo machache ya kifamilia nimeyageuza. Andiko alilisoma mwenyewe kabla halijatoka mikononi mwangu. Alirekebisha sehemu mbili, zote za hesabu.

Mimi kazi yangu ni kutembelea kina mama wenye watoto wadogo majumbani kwao. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kazi hiyo, na kwa yeyote anayekaa nyumbani na watoto akajiuliza mbona kichwa kimekuwa kizito.

Usuli

Alikuwa na miaka 31. Alisomea mambo ya maabara ngazi ya stashahada, kisha akafanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha minofu ya sangara: kupima joto la samaki wanaposhushwa, kuchukua sampuli, kujaza fomu, kubishana na madereva wa magari ya barafu. Kutwa amesimama kwenye baridi na mabuti ya mpira. Hakuipenda sana kazi ile. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hudhani mama huyu alikuwa anaililia ajira yake.

Mtoto wa kwanza alipozaliwa walipata dada wa kazi, mambo yakaenda. Mtoto wa pili alikuja na mengi kwa wakati mmoja. Siku 84 za likizo ya uzazi zilipoisha, mkataba nao ulikuwa umefika mwisho na haukuongezwa. Dada wa kazi alikuwa amerudi kwao Misungwi kuolewa. Mume anafanya kazi mgodini upande wa Geita, anarudi kila baada ya wiki mbili, na wakati huo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado linajengwa (limefunguliwa Juni 2025), kwa hiyo muda wa kufika nyumbani aliujua mwenye kivuko. Walipiga hesabu ya ada ya kituo cha kulelea watoto mchana kwa watoto wawili, wakaona bora mama abaki.

Mtaani mama wa namna hii anaitwa golikipa. Mwenyewe aliniambia, "Golikipa walau anajua mpira unaisha dakika ya tisini."

Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, juu kabisa kwenye miamba upande wa Ilemela. Maji yanapanda kwa zamu, mara nyingi usiku. Ukiwa chumbani unaliona ziwa. Hilo la mwisho sikuliandika kwenye fomu yangu ya kwanza. Niliandika habari za maji.

Nilivyomkuta

Mkubwa alikuwa na miaka mitatu, mdogo miezi mitano. Nyumba safi, watoto wana afya, kadi za kliniki zimejazwa. Kwa mtu mwenye haraka, hapa hapakuwa na kisa.

Alianza kwa kucheka. "Dada, juzi nimesoma maelezo yote ya nyuma ya mfuko wa sabuni ya unga. Nikamaliza, nikayarudia." Halafu akaacha kucheka. Alisema maneno yanamkimbia: kipimajoto, kitu alichokishika kila siku kwa miaka sita, alikiita "kile kidude". Alisema anaongea tangu asubuhi hadi jioni na hakuna alichosema. Alisema usiku akilala anajaribu kukumbuka leo amewaza nini, hakuna kitu. Ameosha, amefua, amelisha, ameamua ugomvi wa kijiko. Kuwaza, hapana.

Kilichomuumiza zaidi ni aibu. Anao watoto wazima, anaye mume anayetuma hela, majirani wanamwona amebarikiwa. Alalamike nini?

Uamuzi wa kwanza: kupima kabla ya kushauri

Mama aliyejifungua karibuni akisema kichwa hakifanyi kazi, hatua ya kwanza si kumtafutia shughuli. Tulitumia kipimo cha Edinburgh cha mwaka 1987: maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Kinaangalia dalili za sonona baada ya kujifungua, na swali la kumi linauliza kuhusu mawazo ya kujidhuru. Alama zake zilikuwa chini, na la kumi alijibu hapana bila kusita. Alama za juu kidogo zilikuwa kwenye swali la kujilaumu, jambo lililoendana na ile aibu. Kliniki wakampima pia wingi wa damu, maana upungufu wa damu unaweza kumfanya mtu awe mzito wa kufikiri na kuchoka hovyo, na mimba yake ilikuwa ngumu. Damu ilikuwa sawa. Tukakubaliana kurudia kipimo baada ya mwezi.

Sina la kujutia hapo. Ninayojutia yanafuata.

Uamuzi wa pili: masomo, ambayo yalikuwa wazo langu

Nilimshauri asome. Nilimtafutia kozi fupi ya usalama wa chakula kwa njia ya mtandao, wiki nane, cheti mwishoni. Kwa fikra zangu ilikaa vizuri: inaendana na alichosomea, itamfaa akirudi kazini, itaamsha akili.

Ilidumu wiki tano. Bando liliisha upesi kwa sababu masomo yalikuwa ya video. Hilo lingetatulika. Kubwa ni kwamba somo moja lilihitaji dakika arobaini zisizokatwa, na katika nyumba ile dakika arobaini zisizokatwa hazikuwepo mchana wala usiku. Akisikiliza dakika sita, mdogo analia. Akirudi, hakumbuki mwalimu alikuwa wapi, anaanza upya. Somo la tatu alilianza mara saba. Alizihesabu.

Wiki ya tano aliniambia jambo ambalo ningepaswa kulitarajia: kabla ya kozi alikuwa anajiona amelala, sasa anajiona mjinga. Tuliirudia ile karatasi ya maswali kama tulivyopanga, na alama za kujilaumu zilikuwa zimepanda. Tukaiacha kozi siku ileile.

Baada ya hapo alijaribu redio, akaiwasha kutwa, ikageuka kelele kama kelele nyingine. Alijaribu kikoba cha mtaani, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, akafanywa katibu mkutano wa pili tu kwa sababu ya mwandiko wake. Alifurahia hesabu za hisa, lakini mkutano ni mara moja kwa wiki na siku sita zilizobaki zilikuwa vilevile. Kisha ukazuka mgogoro wa mkopo wa mtu usiorudi, akajitoa. Ule mgogoro nao ni kisa, ila si cha leo.

Kalenda ya ukutani

Mwanzoni mwa Oktoba mama mkwe alikuja kutoka Ukerewe kusaidia. Kwenye fomu yangu kuna sehemu ya "vinavyosaidia" na sehemu ya "vikwazo". Nilimwandika mama mkwe kwenye vikwazo. Nilikuwa nimemsikia mara moja tu, akisema, "Mtoto analia na wewe umesimama dirishani unahesabu taa." Nikaona nimeshamwelewa mtu. Maneno yenyewe sikuyasikiliza.

Wiki mbili baadaye nilikaa sebuleni kwao nikisubiri mdogo anyonye, macho yakaenda kwenye kalenda ukutani. Kila tarehe ilikuwa na tarakimu ndogo ya penseli: 31, 38, 40, halafu 12, halafu 0, 0, 2. Nikauliza ni nini. Akaona haya. Akasema mdogo huamka kunyonya kila saa tisa usiku, na kiti cha kunyonyeshea kiko dirishani. Ziwani kuna taa za wavuvi wa dagaa. Kwa kuwa hana la kufanya, huzihesabu.

Asiyeishi kando ya ziwa huenda hajui. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga: zamani karabai, sasa nyingi ni taa za sola na betri. Dagaa hufuata mwanga ule juu, kisha wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, taa inashindwa nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo mwezi una kipindi cha giza, cha kazi, na kipindi cha mbalamwezi, cha kushona nyavu na kugombana na wake zao. Usiku wa giza ukiwa mlimani Mwanza utadhani kuna mji mwingine juu ya maji.

Habari ya mbalamwezi aliijua, kama anavyoijua kila mtu hapa. Lililomsumbua ni jingine, na lilikuwa limemkaa kichwani siku tisa: kuna nusu mwezi mbili. Moja kabla mwezi haujakamilika, moja baada ya kukamilika. Ukubwa uleule, mwanga uleule. Mbona usiku wa nusu ya kwanza saa tisa anaona taa karibu arobaini, na nusu ya pili haoni hata moja?

Nilimwambia sijui. Naona sasa kwamba jibu lile lilikuwa na faida kuliko ushauri wangu wote wa nyuma, ingawa lilinitoka tu.

Mama mkwe, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele, alidakia bila kuinua kichwa. "Kwani mwezi wa kwanza si unalala mapema? Ule wa pili ndio unachelewa kuamka."

Kukawa kimya. Kisha Mama Wawili akaanza kuulizia saa, na mchele ukawekwa pembeni. Nusu ya kwanza huwa juu jua linapozama na yenyewe huzama kama saa sita usiku; saa tisa ni giza tupu na taa zimejaa. Nusu ya pili huchomoza kama saa sita usiku. Saa tisa iko angani, na wavuvi walishatupa nyavu zao mapema, kabla haijatoka, wakarudi. Kila siku mwezi unachelewa kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Mama mkwe alikuwa ameanika dagaa miaka ishirini na kitu. Dakika hakuzijua, ila alijua usiku gani mitumbwi itarudi saa ngapi, kwa sababu asipokuwepo mwaloni wakati huo mzigo unachukuliwa na wengine.

Nilikaa pale saa nzima zaidi ya ratiba yangu. Mkamwana na mama mkwe walikuwa wamelala nyumba moja wiki mbili wakizungumzia uji na nepi.

Daftari

Novemba alinunua daftari la kurasa 96. Mistari minne: taa saa tisa usiku, umri wa mwezi, mvua, bei ya kisado (kindoo cha kupimia dagaa). Umri wa mwezi alimuuliza jirani Mwislamu anayefuata kalenda ya mwezi mwandamo. Bei aliletewa na mama mkwe aliyekuwa akishuka sokoni kila siku ya pili. Swali lilikuwa limekua: bei ya dagaa inafuata mwezi au inafuata mvua?

Mama mkwe alishikilia mwezi. Taa zikipungua, dagaa wanapungua, siku mbili baadaye kisado kinapanda. Mkamwana alianza kuona siku ambazo taa zilijaa lakini kisado kizuri kilipanda vilevile. Vuli ile ilikuwa nzito, mwaka wa El Niño, na dagaa wanaoanikwa chini mchangani wakinyeshewa wanaoza au wanabaki kuwa chakula cha kuku. Wenye chanja za kuanikia juu wanaokoa kidogo. Kwa hiyo mzigo mkubwa unatoka ziwani na sokoni hakuna dagaa wa kuliwa na watu. Mvua, akasema.

"Mwanangu, nimeanika dagaa hujazaliwa."

"Ndiyo mama, lakini tarehe kumi na nne taa zilikuwa thelathini na sita."

Mabishano haya yalikwenda miezi mitano. Yalikuwa na adabu, na yalikuwa makali. Siku moja wanunuzi wa kupeleka Kongo walifika kwa wingi, bei ikapanda bila mwezi wala mvua, na wote wawili walikasirika kama waliosalitiwa.

Mume alicheka alipoliona daftari mara ya kwanza. Baadaye, akiwa zamu ya usiku mgodini, alianza kutuma ujumbe: "Huku umechomoza saa sita na robo." Mama Wawili aliniambia simu zao kwa mwaka mzima zilikuwa za gesi, kodi na homa ya mtoto. Ujumbe wa mwezi aliuhifadhi.

Matokeo

Kipimo cha tatu, Januari 2024, kilionyesha kujilaumu kumeshuka hadi karibu na sifuri. Kipimo kimoja kwa mtu mmoja hakithibitishi chochote, na mdogo alikuwa ameanza kulala vizuri, jambo ambalo peke yake hufanya maajabu. Mimi naweka uzito zaidi kwenye vitu vidogo: kipimajoto kilirudi kuitwa kipimajoto. Alianza kunikatiza nikiongea. Nikimuuliza amewaza nini leo, alikuwa na jibu refu kuliko muda wangu.

Hakurudi kiwandani. Hakuanzisha biashara ya dagaa, ingawa watu watatu walimshauri hivyo na mmoja wao ni mimi. Hela haikuongezeka hata shilingi.

Uchambuzi

Kozi ilishindwa, kalenda ikafaulu. Mama yuleyule, usingizi uleule wa vipande vipande. Nimelifikiria sana hili. Kozi ilimtaka aondoke kwenye siku yake ili akafikiri mahali pengine. Taa zilikuwa ndani ya siku, tena ndani ya saa mbaya kuliko zote. Kuhesabu kunachukua dakika mbili, swali linabaki kichwani wakati mikono inafua, na mtoto akilikatiza halivunjiki, linakusubiri. Somo la video halisubiri hivyo. Ukiliacha kwa saa tatu linakudai.

Sipendi kusema kwamba alikosa muda, ingawa fomu nyingi husema hivyo. Muda wa mikono kushughulika na kichwa kikae kitupu alikuwa nao mwingi mno. Alikosa kitu kinachotoka jana kikaenda kesho. Kuosha vyombo hakuendelei; kunaanza upya kila siku kana kwamba jana haikuwepo.

La pili ni mtu wa kubishana naye. Daftari peke yake nadhani lingekufa ndani ya mwezi, na ushahidi ninao: mama mkwe aliporudi Ukerewe Aprili 2024, wiki tatu zilizofuata hazina maandishi kabisa. Lilifufuka walipopanga simu ya kila Jumapili jioni. Bibi anapiga mlio mmoja anakata, mkamwana anampigia. Kina mama wengi wanaolea wana watu wa kuwahurumia. Mtu wa kuwaambia "hapo umekosea, leta hesabu" ni nadra, na mimi mshauri nilikuwa wa kundi la huruma.

Makosa yangu basi. Nilipendekeza kozi kwa sababu mimi mwenyewe napenda vyeti. Nilimwandika kikwazo mtu aliyekuwa na elimu iliyohitajika mle ndani. Na mara mbili nilijaribu kuligeuza daftari liwe mradi, kwa kuwa nilishindwa kuamini kwamba mwanamke anaweza kufikiri bila kuuza kitu. Alinijibu kwa upole: "Dada, hiki niachie."

Gharama ilikuwepo. Ili aandike na kupiga hesabu za jioni, mkubwa aliwekewa katuni, na kuna miezi alizitazama zaidi ya saa mbili kwa siku. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa umri huo asizidi saa moja. Tulilizungumza, likapungua, halikuisha. Kwa upande mwingine huyohuyo mkubwa alianza kutoka nje jioni kutangaza mwezi umekatwa upande gani. Sifungamanishi hayo mawili ili moja lifute jingine.

Halafu kuna suala la kuiga. Mama huyu alikuwa na mazoea ya vipimo na dirisha linalotazama ziwa. Mwaka uliofuata nilimpelekea daftari mama mwingine, anayeishi Buhongwa, ambako hata ukipanda juu ya bati huoni taa. Alinishukuru, akaliandikia madeni ya genge. Ingefaa kwanza nikae kwake, nitazame kuta, nisikie tayari anahesabu nini.

Hali ilivyokuwa mara ya mwisho

Desemba 2024 nilimkuta na daftari la pili. Lile la kwanza lina kurasa kadhaa zilizoshikana: mdogo alipoanza kusimama alimwaga kikombe cha uji juu yake, siku tisa za Februari zikapotea, bei na taa. Mama mkwe alikuja Krismasi na kudai anazikumbuka bei zote tisa, moja baada ya nyingine, na kwamba zote zinathibitisha mwezi. Mkamwana alizisikiliza hadi mwisho, akaziandika. Kwa penseli.